Wakristo wa uswahilini, tunawajibuje Waislamu bila kuficha imani yetu na bila kumuumiza mtu?

#1 MpangajiTandika
Salaam wakuu.

Kuna kitu kinanikaa rohoni wiki ya pili sasa, naombeni mnisaidie kukipasua. Mimi ni Mlutheri, kwetu Machame, hapa Tandika niko mwaka wa 11. Nyumba tuliyopanga ina milango sita, minne Waislamu, mmoja dada Msabato na mmoja ni wangu. Mama mwenye nyumba ni bibi wa Kizaramo, na huyu bibi ndo aliyemlea mwanangu Neema miezi miwili mke wangu alipolazwa, anamuogesha, anampeleka shule, hela hakuitaka. Ramadhani hii kama Ramadhani zote kila magharibi lilikuwa linakuja bakuli kwangu, leo magimbi ya nazi, kesho tambi, kesho kutwa uji wa pilipili manga.

Sasa juzi juzi mjukuu wake, yuko form two, kaniuliza na kwa adabu kabisa, "Baba Neema, hivi kwa nini nyie mnasema Mungu ana mtoto? Kwani alioa?" Nilikuwa nimetoka kazini, nimekaa foleni ya Tazara saa nzima na nusu, nikaona huyu dogo ananikejeli. Nikamjibu maneno mabaya kuhusu Mtume wao, siyarudii hapa. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele, akasikia yote.

Futari bado inakuja. Ila siku zote alikuwa analeta mwenyewe, anakaa kidogo, anamuuliza Neema habari za shule. Siku hizi bakuli analeta mtoto, analiweka mlangoni na kuondoka.

Ninachosema ni hivi, Wakristo wa Dar mambo mawili na Waislamu tunayaweza sana, kubishana nao na kula pilau lao. Kukaa chini tukaongea imani yetu vizuri, mtu akaelewa tunaamini nini na akaondoka bila jeraha, hiyo hatujafundishwa. Au ni mimi tu? Nyie mnafanyaje?

#2 muuza_samaki_feri
Mkuu kaombe radhi kwa bibi leo leo, uzi ungekuja baadaye. Miezi miwili kakulelea mtoto halafu unatuuliza sisi?

#3 MtuWaInjili
Bwana Yesu asifiwe. Mkuu usijilaumu kupita kiasi. Lugha ulikosea, tubu, lakini usije ukavuka upande wa pili ukawa Mkristo wa kuchekacheka tu. Agizo la Mathayo 28:19 halijafutwa, tumetumwa kwa mataifa yote na Tandika nayo imo. Siku hizi kila mtu anaita woga wake upendo. Unakaa na jirani miaka 11 na hujawahi kumwambia Yesu ni nani kwako, huo ni upendo gani? Na hata ukitaka pa kuanzia pako wazi, Kurani yenyewe sura ya tatu inaitwa Mariamu, anzia hapo.

Na hizo futari ziangalie, chakula kinasomewa dua.

#4 Mama Tumaini
#3 mtumishi nakuheshimu ila hapo kwenye chakula hapana. Paulo alishamaliza, 1 Wakorintho 10, asiyeamini akikualika na ukapenda kwenda, kula kinachowekwa mbele yako bila kuulizauliza. Na kama tunaogopa dua, basi nyama tuache wote maana hapa Dar ng'ombe karibu wote unaowala kawachinja Muislamu na kataja jina la Mwenyezi Mungu akielekea Kibla. Umekula tangu utoto na hujadondoka.

Mimi mume wangu alifariki 2016, tulikuwa Magomeni. Wanawake wa kwanza kuingia ndani walikuwa wa Kiislamu, kabla hata wa jumuiya yangu hawajafika. Walifagia uwanja, wakachota maji, wakabandika masufuria, usiku walilala na mimi chini kwenye mkeka. Kwaya ilipoanza kuimba walikaa kimya wamejifunga khanga zao mpaka mwisho. Hakuna aliyeniuliza imani yangu. Sasa mimi nitoke hapo nikamjibu mtoto wao kwa ukali? Midomo ingeniwasha.

Ila nakubaliana na mleta uzi kwamba tunajua kuzikana, kuongea hatujui. Ndo maana nimenunua Kurani ya Kiswahili, ile ya kwanza kabisa ya Sheikh Farsy, nasoma kidogo kidogo.

#5 BintiKariakoo
Asalaam aleikum, mimi Muislamu nimepita nikaona nikae.

Kwanza #3, sura ya Maryam ni ya 19. Ya tatu ni Aal Imran, nayo inaeleza kuzaliwa kwake, labda ndo ulichanganya. Na yeye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake kwenye Kurani nzima, wengine wote wametajwa kwa sifa au kwa waume zao.

Pili niwaambie kinachotuumiza maana naona mnakisia. Mkristo akiniambia anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu siumii hata kidogo, naijua ndo imani yake, angeniambia kitu kingine ningeshangaa. Kinachoniuma ni akianza kunisimulia dini yangu mimi mwenyewe. Kwamba tunaabudu mwezi. Kwamba lile jiwe la Makka tunaliabudu. Kwamba kila buibui lina bomu. Ofisini kwetu kuna dada mmoja, mtu mzuri, ananisaidia kazi, lakini kwenye grupu letu la WhatsApp anarusha klipu za namna hiyo bila hata kufungua aone ni nini. Nikimuuliza anasema "nimefowadi tu shosti."

#6 Mama Tumaini
Binti pole sana. Hiyo ni amri kabisa, Kutoka 20:16, usimshuhudie jirani yako uongo. Wengi tunadhani ni ya mahakamani tu. Kufowadi uongo juu ya dini ya mtu ni kumshuhudia uongo, tena mbele ya watu mia mbili.

#7 Frateri wa Zamani
Tumsifu Yesu Kristo. Nilikaa seminari miaka minne kabla sijaona kwamba wito wangu ni ndoa, ngoja nijaribu swali la yule kijana maana naona wote mmelikimbia.

Kwanza kabisa mwambie wazi kwamba Mkristo haamini kwamba Mungu alioa, wala kwamba Mariamu ni mke wa Mungu, Mungu apishe mbali. Neno mwana kwenye lugha halimaanishi kuzaa kwa mwili siku zote. Mwananchi hakuzaliwa na nchi, mwanamaji hakuzaliwa na maji. Hata Kurani inamwita msafiri "ibn sabil", mwana wa njia. Ukifika hapo kijana atakuwa ameshusha pumzi, sasa unaweza kuongea naye.

Halafu nenda Yohana 1, hapo mwanzo kulikuwako Neno. Na Kurani 4:171 inamtaja Isa kuwa ni neno la Mungu alilompelekea Mariamu na roho iliyotoka kwake. Sisemi aya hiyo inafundisha Utatu, tena aya hiyo hiyo inakataza kusema "watatu". Nasema kuna neno moja ambalo nyote wawili mnalijua, mnaweza kukaa juu yake mkaongea.

#8 kkkt_damu
#7 nzuri sana ila nikurekebishe. Ukiishia kwenye mwananchi umempunja. Imani ya Nikea, mwaka 325, inasema Mwana amezaliwa, hakuumbwa, tena mwenye asili moja na Baba. Huko ni kuzaliwa kweli, ila si kwa mwili wala kwa wakati. Mfano wako unaondoa mawazo ya ndoa sawa, lakini kijana akienda nao nyumbani atajua kwamba kwetu mwana ni kama jina la heshima tu, na siku akisikia tunamwabudu Yesu atasema ulimdanganya. 2025 Nikea imetimiza miaka 1700, makanisa yameadhimisha kila mahali, nasi bado hatuwezi kuielezea kibarazani.

#9 Frateri wa Zamani
Nakubali, #8. Ni hatua ya kwanza, sikusema ni safari nzima. Ila wewe ukianza na asili moja kwa mtoto wa form two atakimbia kabla hujafika Nikea.

#10 Ustaadh_Mbagala
Mimi nafundisha madrasa huku Mbagala. Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima niseme kitu, mleta uzi.

Yule kijana hakukukejeli. Swali lake ni aya. Suratul An'am, 6:101, Mwenyezi Mungu anasema atakuwaje na mwana hali hana mke. Mtoto kasoma hiyo, kichwani ikamkaa, kamtafuta Mkristo anayemuamini amuulize. Angeweza kuniuliza mimi au ustadhi wake wa hapo Tandika, kakuchagua wewe.

Kuhusu neno, #7, sisi tunalielewa kwa 3:59, mfano wa Isa ni kama Adam, aliambiwa kuwa akawa. Ndo maana yake kwetu. Tutatofautiana hapo mpaka kiyama na si vibaya. Ila sisi pia tumeamrishwa, 29:46, tusijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Nawafundisha watoto hiyo aya na najua wako wenzangu wanaiacha.

#11 MpangajiTandika
Ustaadh umenipiga kofi la haki. Siku zote hizi nilikuwa najua kwamba ile "alioa" ni ya kunichoma. Sikujua kabisa ni aya. Kumbe kaniletea mstari wa kitabu chake mimi nikamrushia matusi.

#12 Karani wa Mtaa
Mnaongea kama tatizo ni tabia ya mtu mmoja. Mimi nina miaka 63, nimezaliwa Ilala, naomba niwarudishe nyuma.

Kwanza Mama Tumaini #4, ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy siyo ya kwanza. Hiyo imetoka kamili 1969. Kabla yake kuna ya Waahmadiyya, Sheikh Mubarak Ahmad, 1953. Na ya kwanza kabisa ilitoka 1923, ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Zanzibar. Ndiyo, Kurani ya kwanza kuchapwa nzima kwa Kiswahili aliitafsiri Mkristo. Sasa msikimbilie kumsifu, maelezo yake aliyaweka kwa ajili ya kuwasaidia wahubiri kujibizana na Waislamu, na masheikh hawakuyafurahia. Lakini alijifunza Kiarabu, akakaa na msahafu miaka. Leo nani kwetu anafanya hata robo?

Pili, kubishana tulifundishwa. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya 80 na 90 tunakumbuka mihadhara, viwanja vya mpira vinajaa, mtu kashika Biblia mkono mmoja na Kurani mwingine, kanda za Ahmed Deedat, yule mhubiri Muislamu wa Afrika Kusini, zinauzwa kila kona, na upande wetu nao wakatoka wahubiri wao wa kujibu. Mkishinda mnashangilia kama goli. Aprili 1993 bucha za kitimoto zikavunjwa hapa mjini, Februari 1998 kwenye ghasia za msikiti wa Mwembechai watu wakafa. Kizazi chetu kilijifunza dini ya mwenzake uwanjani na spika mdomoni, ndo maana mtoto akiuliza swali masikio yetu yanasikia mhadhara.

Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, alipokuja kutoka kufundisha Pugu kaingia mjini kapokelewa na Waislamu kina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, TANU ikaundwa 7 Julai 1954, na Bibi Titi Mohamed akaingiza wanawake. Hakuna aliyemuuliza Mwalimu habari za Utatu.

#13 kkkt_damu
Karani historia tamu ila hapo mwisho ndo penye shida ileile ya mleta uzi. Hawakuulizana. Kutoulizana siyo kuelewana, ilikuwa tunafunika chungu. Mihadhara ilikuja ikafunua kwa fujo. Mimi naona chanzo ni kwamba hata kabla ya mihadhara hatukuwahi kuongea.

#14 Ustaadh_Mbagala
Wote mna haki kiasi. Lakini msisahau mambo ya kielimu na ajira yaliyokuwa yanaungua chini yake, malalamiko ya Waislamu ya miaka hiyo hayakuwa ya aya peke yake. Ukitaka kumjibu Muislamu kwa huruma, sikiliza na hilo.

#15 muuza_samaki_feri
Mleta uzi umeshaenda kwa bibi au bado unasoma historia?

#16 nusu_nusu
Mimi baba ni Muislamu wa Kilwa, mama Mkatoliki wa Songea, walioana bomani, kila mmoja kabaki kwake. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyekulia katikati ya huu uzi.

Nyumbani baba akitoka msikitini Ijumaa na mama akirudi misa Jumapili chakula ni kilekile, kitimoto haijawahi kuvuka mlango kwa heshima ya baba, na Ijumaa Kuu baba alikuwa anazima redio bila kuambiwa. Lakini mtu asiwadanganye kwamba waliishi kwa kukwepa. Walikuwa wanabishana kweli kweli juu ya msalaba. Mama anasema Yesu alikufa, baba anasema 4:157 hawakumuua wala hawakumsulubu, mpaka usiku. Nikiwa mdogo nilidhani wataachana. Nilipokua ndo nikaelewa walikuwa wanaweza kubishana vile kwa sababu hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwamba mwenzake atamdharau kesho.

Baba alipofariki wanaume walimchukua wakaenda kuzika, mama kabaki ndani na wanawake. Akataka kusali rozari yake. Shangazi yangu, dada yake baba, mtu wa hijabu na swala tano, akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akakaa nje kwenye kigoda. Kila aliyetaka kuingia alimwambia, "Mwacheni, anamuombea mumewe kwa Mungu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo koridoni.

#17 BintiKariakoo
#16 umeniliza jamani.

#18 dogo_wa_mtoni
Mimi naona mnazunguka. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alienda kwa Sultani wa Misri wakati wa vita vya msalaba akamhubiria mpaka Sultani akabatizwa. Kwa hiyo inawezekana, upendo na kuhubiri pamoja.

#19 Frateri wa Zamani
Dogo hapana, hakubatizwa. Ni 1219, Damieta, vita ya tano ya msalaba. Fransisko kavuka mstari wa mapigano bila silaha yeye na ndugu mwenzake, kafikishwa kwa Sultani al-Malik al-Kamil. Aliongea imani yake waziwazi, Sultani akamsikiliza siku kadhaa, kisha akamrudisha salama. Sultani akabaki Muislamu, Fransisko akabaki mfuasi wa Yesu. Watu wengi wanaongeza huo ubatizo kwa sababu bila huo wanaona safari ilikuwa bure. Mimi sioni hivyo. Aliporudi aliwaandikia ndugu zake utaratibu wa kuishi kati ya Waislamu, njia mbili, moja wasibishane wala kugombana, wakae chini ya kila mtu na wakiri tu kwamba wao ni Wakristo, ya pili watangaze neno wakiona inampendeza Mungu. Zote mbili ziko pale, kwa hiyo MtuWaInjili na Mama Tumaini kila mmoja ana sehemu yake.

Na kwa Wakatoliki wenzangu mnaosema haya ni mapya, hati ya Nostra Aetate ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ni ya 28 Oktoba 1965, inasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Si ya jana.

#20 Ustaadh_Mbagala
Na sisi tunaanzia mbali zaidi. Masahaba walipoteswa Makka Mtume aliwaambia wakimbilie Uhabeshi, mwaka 615 hivi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Wakureshi wakatuma watu wakawadai. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme akamsomea Suratul Maryam, mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa, akakataa kuwatoa. Kwa simulizi zetu baadaye Najashi alisilimu na Mtume alimswalia alipofariki. Najua nyie hamkubali hiyo sehemu ya mwisho.

#21 kkkt_damu
Hatukubali ustaadh hahaha. Ila ile ya kukataa kuwatoa wakimbizi tunaichukua.

#22 mkazi_wa_chamazi
Mnaongea ya Uhabeshi, mimi niko hapa hapa. Oktoba 2012 nilikuwa Mbagala. Mnakumbuka, watoto wawili walibishana juu ya msahafu, mmoja akafanya jambo baya, mji ukawaka, makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Watoto!! Mchungaji wetu jioni ile alikuwa na funguo za kanisa na hajui aende wapi. Aliyemficha ni fundi cherehani Muislamu jirani na kanisa, akamuweka nyuma ya mavitambaa mpaka saa nne usiku. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kusamehe, kuna waumini walitoka nje katikati ya mahubiri. Mimi ni mmoja wa waliotoka. Sikuwa na huruma wakati ule na sitaki kudanganya kwamba ilikuja haraka. Ilinichukua kama mwaka na nusu kurudi kumsalimia fundi, na ye hakuwa na kosa lolote.

Nasema hivi kwa sababu watu wanapoandika "jibu kwa upendo" wanaandika kana kwamba wote hatujaumizwa.

#23 Mama Tumaini
Asante kwa kusema hivyo #22.

#24 dogo_wa_mtoni
Swali la pembeni, tambi za futari zinawekwa nazi au maji? Za kwetu zinakuwa uji.

#25 BintiKariakoo
Kaanga kwanza kavu na mafuta kidogo mpaka ziwe rangi ya kahawia dogo, ndo uweke tui, sukari na iliki. Ukianza na maji umeshakula uji. Rudini kwenye mada.

#26 MtuWaInjili
Nimekaa kimya nikawa nasoma. Naomba niseme kitu ambacho sikukisema mwanzo.

Kaka yangu wa kwanza alisilimu 2009. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuongea naye tena mpaka alipoingia kaburini, miaka sita. Kaka alikuja msibani na kanzu akasimama mbali chini ya mwembe, hakuna aliyemuita, na mimi sikumuita. Kila nikisikia mtu anasema tuwe wapole kwa Waislamu, mimi naona kaka yangu anapotea kabisa, na nikisikia tuwe wakali, naona baba. Sijui nisimame wapi. Msimamo wangu kwamba injili lazima isemwe haujabadilika na hautabadilika. Lakini 1 Petro 3:15 ninaousoma kila siku kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye una maneno mengine mbele yake, kwa upole na kwa hofu, na hayo nilikuwa nayapita.

#27 BintiKariakoo
Pole mtumishi. Yuko wapi sasa hivi kaka?

#28 MtuWaInjili
Yuko Tanga. Ana watoto watatu, sijawahi kuwaona.

#29 nusu_nusu
Basi la Tanga linaondoka asubuhi mkuu.

#30 asiyekubali
Mmeshalegea wote. Niulize moja tu, Mungu wa Waislamu na wa kwetu ni mmoja au si mmoja? Mkijibu ni mmoja, injili ya nini? Mkijibu si mmoja, huo umoja wa futari ni wa nini?

#31 Frateri wa Zamani
Wakristo Waarabu wa Misri na Lebanoni kwenye Biblia yao wanamwita Mungu "Allah", na sisi na Waislamu wote kwa Kiswahili tunasema Mungu. Nostra Aetate inasema wanamwabudu Mungu mmoja, aliye hai, Muumba. Tunatofautiana kuhusu amejifunuaje.

#32 kkkt_damu
Na mimi nasema ukitoa Kristo humjui Baba, Yohana 14, kwa hiyo jibu la Frateri linanitosha nusu tu. Ila #30, hata kama ni tofauti kabisa, msamaria hakumuuliza yule majeruhi anasali mlima gani. Futari haina haja ya kusubiri jibu lako.

#33 Ustaadh_Mbagala
29:46 inamalizia kwa kusema Mungu wetu na Mungu wenu ni mmoja. Kwetu lishajibiwa. Kwenu malizaneni.

#34 asiyekubali
Hamjajibu. Narudi kesho.

#35 MpangajiTandika
Wakuu nawaletea mrejesho, muuza samaki usiniandame tena.

Jana nimeenda baada ya tarawehe, nikasubiri amekaa. Nimeenda na mke wangu na Neema, na kilo mbili za tende maana sikujua niende na nini. Nikamwambia bibi, nimekukosea, nimemtukana mtu unayempenda, na nimemtukania mbele ya mjukuu wako, tena aliniuliza vizuri. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Baba Neema, mimi sijasoma. Ila wewe nilikuwa nakuombea kila swala, mkeo alipokuwa hospitali. Siku ile nilijiuliza nilikuwa namuombea nani." Nilikosa la kusema. Mke wangu ndo alilia. Bibi akamvuta Neema akamuuliza kama mtihani wa hesabu umeshatoka.

Dogo nilimuomba radhi peke yake. Nikamwambia swali lake naweza kumjibu sasa, nikaanza na mwananchi na mwana wa njia halafu nikamwambia ukweli kwamba haishii hapo, kwetu sisi ni zaidi ya hapo, nikamsomea Yohana 1 kwenye simu. Alisikiliza. Akasema hakubaliani ila sasa kaelewa hatusemi Mungu ana mke. Nikasema hiyo inatosha kwa leo.

Mwaka jana, 2025, Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5, tulifunga karibu pamoja na hatukuongea hata mara moja kila mtu anafunga kwa nini. Mwaka huu tena zimekaribiana. Bibi kaniambia jioni hii ataleta bakuli mwenyewe, na anataka kujua Kwaresma tunaacha nini hasa maana siku zote ananiona nakula mchana.

Sasa Frateri, kkkt_damu, yeyote aliye hewani, dogo karudi na swali lingine asubuhi kabla ya shule, anasema kama Yesu ni Mungu na alikufa, zile siku tatu kaburini nani alikuwa anaendesha dunia? Magharibi inaingia saa kumi na mbili na nusu hivi. Nisaidieni.

#36 kkkt_damu
Nipo. Nipe nusu saa nitoke kwenye mwendokasi.